Gari Fupi la Nkome

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa siku ya mkutano wetu wa mwaka



Nimepewa dakika ishirini na tano nizungumze juu ya "Sayansi na Maendeleo". Kichwa hicho ni kipana kama Ziwa lenyewe, na nimeona wasemaji wengi wakizama humo na karatasi zao mkononi. Kwa ruhusa ya Mwenyekiti nitakipunguza mpaka kilingane na kitu hiki nilichokiweka mezani. Ni gari. Toka pua hadi mkia lina sentimita 36, uzito wake ni kilo 2 na gramu 300, na halina dereva ndani. Huongozwa kwa mawimbi ya redio na mtu aliyesimama kando. Halikuundwa kwa ajili ya mbio. Limeundwa lipande mawe na kupita njia mbovu kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila kupinduka na bila kukwama. Limeundwa Nkome, chini ya mwembe, na asilimia kubwa ya viungo vyake ni vitu ambavyo watu wa Nkome walikwisha kuvitupa.

Najua wapo wazee wenzangu wanaojiuliza iwapo Serikali hunilipa mshahara ili nicheze na vigari. Jibu ni kwamba lilijengwa siku za likizo. Lakini swali hilo nitalirudia, kwa sababu mchana huu tutapiga kura juu ya fedha za mfuko wetu, na mapendekezo ni mawili: lango jipya la shule, au meza ya kazi za mikono katika chumba kile cha stoo kilicho nyuma ya maabara. Mimi nimekuja kuitetea meza. Afadhali niseme wazi tangu mwanzo kuliko kuwazungusha.

Kwanza tukumbushane jambo ambalo kila mmoja wetu analijua. Hakuna hata mmoja katika ukumbi huu, labda Mhasibu wetu aliyelelewa mjini, ambaye hakuwahi kusukuma gari la waya. Unachukua waya wa uzio au waya wa kufungia nondo, unakunja chesisi, unakunja bodi. Ekseli ni spoki ya baiskeli. Tairi ni kandambili iliyokatwa mviringo, au kifuniko cha kopo la dawa ya viatu. Kisha unafunga fimbo ndefu ya kuendeshea, na juu yake usukani wa mviringo, ili uweze kukimbia nyuma ya gari ukiwa umesimama wima. Usukani ule ulikuwa unageuza tairi za mbele kweli kweli. Nani alitufundisha? Hakuna mwalimu. Mkubwa alimfundisha mdogo, na mdogo akaongeza lake. Siku tulipopokea barua za kujiunga na sekondari, tuliyaacha magari yale uani, na humu darasani tukaanza kujifunza juu ya msuguano, nyenzo na kani kana kwamba hatujawahi kukutana navyo.

Jambo hilo halikunisumbua mpaka mwaka juzi. Dada yangu, ambaye ni mkubwa wangu na anauza dagaa pale mwaloni Nkome, alinipigia simu mwezi wa Juni. Alitaka nije nimfunde mwanawe. Kijana alikuwa Kidato cha Pili, na kwa muda wa wiki tatu alikuwa haonekani shuleni. Alikuwa machimboni, akifanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Hakwenda kuchimba. Alikwenda kwa sababu mwenye karasha alikuwa na beringi zilizokufa, na kijana alimwambia kwamba anaweza kuzibadilisha, naye akazibadilisha, akalipwa. Katika mtihani wa fizikia wa muhula ule alipata alama 19 kwa mia.

Nilipofika alinisalimu, "Shikamoo mjomba," nami nikaitikia, kisha akakaa kimya akingoja maneno. Mama yake alikuwa amekwisha kuyasema yote, tena kwa sauti ya mwaloni. Mimi nikaliona gari lake la waya limeegemezwa ukutani, nikauliza ni la aina gani. Akasema ni Land Rover 109, ile ndefu, aliipima kutoka kwenye gari bovu lililoko uani kwa fundi mmoja. Nikampima naye: umbali wa kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma ulikuwa sentimita 27 na nusu na ushee. Ndugu zangu, inchi 109 ni sentimita 277. Kijana wa alama 19 alikuwa amegawa kwa kumi, kwa usahihi, bila karatasi.

Nikamwuliza, "Linapita wapi?" Akasema barabarani linapita vizuri, ila kwenye mawe ya karibu na ziwa hulala tumbo. Hapo ndipo kazi yetu ilipoanza.

Naomba sasa mnivumilie kidogo, maana hii ndiyo nyama ya hotuba. Umbali ule wa baina ya ekseli mbili mimi nitauita hatua ya gari, kwa kuwa unafanana na hatua ya mtu anayetembea. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa mwaka 1948 ilikuwa na hatua ya inchi 80. Baadaye ikawa 86, kisha 88, na hiyo 88 ikadumu mpaka miaka ya 1980. Sambamba na hiyo ziliundwa ndefu, 107 na baadaye 109. Kwa nini kiwanda kimoja kiunde fupi na ndefu za aina moja? Watu wengi hudhani fupi ni ya mwenye fedha kidogo. Sivyo. Ndefu hubeba watu na mizigo. Fupi hupita mahali ambapo ndefu haipiti.

Tulipiga hesabu kwa vipimo vya gari dogo. Chukua gari lenye hatua ya sentimita 27.7, na tumbo lililo juu ya ardhi kwa sentimita 5.6. Likipanda juu ya jiwe lenye mgongo, pembe kubwa kabisa ya mgongo ule ambayo tumbo halitaigusa ni nyuzi 44. Sasa fupisha hatua mpaka sentimita 22.4, yaani sehemu ya kumi ya Land Rover 88, na tumbo liache pale pale. Pembe inakuwa nyuzi 53. Hukuinua kitu, hukuongeza nguvu, hukubadilisha tairi. Umekata sentimita tano tu za chesisi. Kadhalika kwenye kugeuka: tairi za mbele zikipinda nyuzi 40, gari refu huhitaji duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 33, na fupi sentimita 27. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili mwenye jedwali la tanjenti anaweza kuzikagua hesabu hizi jioni hii, na akiona zina kasoro aniletee.

Lakini hakuna cha bure. Gari fupi likipanda mlima mkali hupenda kuanguka kichalichali. Kipimo chake ni rahisi. Tafuta mahali uzito wote unapokutana, yaani kitovu cha uzito, kisha tazama kiko mbele ya ekseli ya nyuma kwa umbali gani, na kiko juu ya ardhi kwa umbali gani. Gawa cha kwanza kwa cha pili, nawe una tanjenti ya pembe ambayo gari litapinduka nyuma. Kitovu kikiwa juu kwa sentimita 8 na katikati kabisa, gari refu hufika nyuzi 60; fupi hupinduka kwenye nyuzi 54. Basi tumepata upande mmoja, tumepoteza upande wa pili. Kijana akasema, "Mjomba, tupeleke betri mbele." Tukaipeleka, pamoja na mota, hadi sita ya kumi ya uzito ikawa juu ya ekseli ya mbele. Hesabu ikatoa nyuzi 59. Kilichopotezwa kwa kufupisha kimerudishwa karibu chote, na gharama yake ni kuhamisha betri. Uzito huo tuliupima kwa mizani ya dagaa ya mama yake: tairi za mbele juu ya mizani, tairi za nyuma juu ya tofali la kimo kile kile, kisha tukageuza. Mbele kilo 1.4, nyuma gramu 900. Ndivyo hata malori makubwa yanavyopimwa, ekseli baada ya ekseli.

Kwa hakika tairi huteleza kabla gari halijafikia nyuzi 59. Lakini gari linaloteleza hurudi chini likiwa limesimama, na hilo ni heri kuliko kulala chali.

Sasa niseme lilivyoundwa. Chesisi ni vipande viwili vya aluminiamu, masalia ya fremu za madirisha, tulivyopewa na fundi wa mjini Geita. Aluminiamu ni nyepesi, hukubali msumeno na tupa, wala haihitaji kuchomelewa. Tulitoboa kwa keekee na kufunga kwa bolti na nati. Mota na gia yake vilitoka katika keekee ya betri ambayo betri yake ilikufa, na mwenye nayo aliona bei ya betri mpya inakaribia bei ya keekee mpya. Msiidharau keekee iliyokufa. Ndani yake mna gia za aina ya sayari: gia ndogo katikati kama jua, nyingine tatu zikiizunguka, na zote zimezungukwa na duara lenye meno ndani. Mota hukimbia maelfu ya mizunguko kwa dakika ikiwa na nguvu kidogo. Gia hizi huibadilisha mbio ile kuwa mwendo wa taratibu wenye nguvu nyingi. Ndicho hicho gari la kupanda mawe linachotaka.

Kutoka hapo nguvu inapaswa kwenda mbele na nyuma pia. Tulipata gia mbili ndogo za chuma kwa fundi pikipiki, tukazifanya zigawe. Na hapa ufupi ulitudai tena. Katika gari refu, propela huwa ndefu na hulala karibu usawa. Katika gari fupi, kisanduku cha gia kinakula nusu ya nafasi, na propela zinabaki vijiti vya sentimita tano vilivyoinama sana. Krosi ikiinama kupita kiasi hukamata: tairi likishuka shimoni, propela inakaza na mota inalia. Siku nne tulizimaliza hapo. Mwishowe kijana alikiteremsha kisanduku chini kati ya mbao za chesisi, akakisogeza mbele kwa sentimita moja na nusu, ili propela ya nyuma iwe ndefu zaidi. Ya mbele ikabaki fupi, ila ekseli ya mbele aliiinamisha kidogo ielekee kisanduku. Nilimwuliza alijuaje. Akasema shingo ya karasha nayo imewekwa hivyo.

Nasema "mbao za chesisi" kwa mazoea tu; ni aluminiamu.

Shokapu ni mabomba ya sindano, mapya, yaliyonunuliwa duka la dawa. Naomba vijana mnisikilize vizuri: mapya. Msiokote sindano jalalani. Ndani tulitia oili, kwenye kile kisukumio tukatoboa tundu dogo, na nje tukavisha springi za kabureta ya pikipiki. Springi peke yake hurusha gari kama mbuzi. Oili inapolazimishwa kupita katika tundu dogo huila ile rukaruka. Tundu likiwa kubwa, gari hudunda. Likiwa dogo mno, shokapu inakuwa fimbo. Tulijaribu matundu matano.

Tairi ni kandambili, tabaka tatu zilizogandishwa kwa gundi, zikachongwa meno kwa wembe, zikavishwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Zinashika mwamba mkavu kama mjusi. Mwamba ukilowa hazifai kitu, na hilo hatujalipatia dawa.

Bodi ni ya waya. Kijana alitaka ifanane na zile Land Cruiser za Serikali ambazo wengi huziita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda kando ya kioo kama mkonga wa tembo. Nilimwambia bati lingependeza zaidi. Akakataa, akasema bati litainua kitovu cha uzito. Maneno hayo, kitovu cha uzito, alikuwa ameyapata kwangu siku sita tu zilizopita, naye akanirudishia.

Vitu tulivyonunua ni vitano, navyo vilifika kwa kuagizwa kupitia Dar es Salaam: ekseli mbili za chuma, rimoti pamoja na risiva yake, kidhibiti cha mwendo wa mota, na sevo, yaani mota ndogo yenye mkono ambayo hugeuza tairi za mbele. Vyote havikufika laki tano. Ekseli tungeweza kuzichonga kama tungekuwa na jiliwa imara na mashine ya kukerezea. Hatukuwa navyo, na mtaona mbele kwa nini nalitaja.

Juu ya redio nitasema machache. Mambo haya si mageni. Mwaka 1898, katika maonyesho ya umeme mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo ikizunguka majini, akiiongoza bila waya wowote. Naona inafaa kwamba chombo cha kwanza kilikuwa mashua. Watu wa mwaloni wasijione wageni. Vigari vya redio vya utotoni mwetu, ambavyo tulivitazama tu dukani Mwanza kupitia kioo, aghalabu vilitumia mawimbi ya megahezi 27, ambayo wimbi moja lina urefu wa mita 11, na watoto wawili wenye mkondo mmoja waliingiliana. Hiki hutumia gigahezi 2.4, wimbi lake ni sentimita 12 na nusu, na risiva humtambua bwana wake mmoja tu. Sevo hupelekewa pigo la umeme mara 50 kwa kila sekunde. Pigo likidumu milisekunde moja na nusu, tairi hunyooka. Likipungua kufikia moja, hupinda upande mmoja. Likizidi kufikia mbili, upande wa pili. Basi. Amri yote ni urefu wa pigo. Ila ujue kwamba mwamba mkubwa huyakata mawimbi haya, na mwili wa mtu huyafyonza, kwa hiyo mwendeshaji asimame mahali anapoliona gari.

Difu zetu zimefungwa, maana yake tairi za ekseli moja huzunguka pamoja daima. Katika gari la barabarani hilo ni kosa, lakini juu ya mawe tairi moja likiwa hewani, difu ya kawaida hulipa hilo nguvu yote na lililoshika jiwe halipati kitu. Hasara ni kwamba gari hugeuka kwa shida. Hesabu ilisema sentimita 27. Tulipopima kwa chaki sakafuni tulipata 33. Nikaanza kuitafuta sababu katika hesabu. Kijana hakuitafuta huko. "Mjomba, tairi la ndani linataka njia fupi, la nje linataka njia ndefu, na sisi tumeyafunga kamba moja." Wahandisi wanaandika kurasa kadhaa kusema hivyo.

Betri ni seli nne za lithiamu kutoka katika betri ya kompyuta mbovu, zilizopimwa moja moja, mbili kwa mbili, zikitoa volti 7.4. Hapa sitanii. Seli hizi zikiguswa ncha kwa ncha na kipande cha chuma, au zikichajiwa kupita volti 4.2 kila moja, huwaka moto, na moto wake si wa kuchezea. Zichajiwe kwa chaja yake, juu ya sakafu ya saruji, mtu mzima akiwepo. Mwanafunzi asifungue pakiti ya betri bwenini. Mwalimu wa zamu akimkamata, mimi sitamtetea.

Sasa nirudi kwenye swali la wazee wenzangu. Wapo wasemao kwamba huu ni mchezo wa watu wenye fedha. Ni kweli kwamba huko Marekani na Ulaya watu wazima, wenye kazi zao na mvi zao, huunda magari haya kwa burudani na kuyapitisha kwenye miamba Jumapili. Mimi siwaonei vibaya. Lakini angalia tofauti. Wao hununua takriban kila kiungo, kisha hujifunza namna ya kukifunga. Mtoto wa Nkome anajua tayari kukifunga, na kutengeneza nusu yake kwa mikono; anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kile anachokijua kina jina, na kwamba kinapimika. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa "Elimu ya Kujitegemea" alisisitiza kwamba shule isimtenge mtoto na maisha ya watu wake. Sisi tulilielewa jambo hilo kuwa ni jembe na shamba la mahindi, na nililima kama wengine. Katika miaka ya 1980 pale Kibaha, mradi wa Nyumbu uliunda malori hapa hapa nchini. Majirani zetu wa Makerere waliendesha gari lao la umeme, Kiira, mwaka 2011, na Masoud Kipanya, ambaye wengi mnamjua kwa katuni zake, alionyesha lake mwaka 2022. Na tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza katika baadhi ya shule zetu za sekondari. Shule yetu haimo katika shule hizo. Tunaweza kungoja. Au tunaweza kuwa na meza.

Nimefanya kazi ya mipango kwa miaka kumi na minane, na ninajua jinsi bajeti inavyosomwa. Lango huonekana. Mgeni rasmi hukata utepe, jina la shule linang'aa, picha inatoka. Jiliwa haikatiwi utepe. Mimi sina ugomvi na lango, nalo la sasa ni bovu kweli, lakini ng'ombe hawajawahi kuingia. Ninachoomba ni hiki: meza mbili za mbao ngumu, jiliwa mbili, keekee moja ya kusimama, seti za tupa na misumeno, chuma cha kulehemia, vipimo viwili vya umeme, kabati lenye kufuli. Orodha yenye bei anayo Mhasibu, na jumla yake ni chini ya nusu ya gharama ya lango. Fundi wawili wa Nkome, mmoja wa pikipiki na mmoja wa injini za mitumbwi, wamekubali kuja Jumamosi mbili kwa mwezi; wanachotaka ni nauli na chakula cha mchana. Mwalimu wa fizikia amekubali kukaa nao, na ndiye aliyeniambia jambo ambalo nililiona la maana kuliko yote: kwamba fundi wasije kama wageni wa kuonyesha, bali mwanafunzi awaletee kitu chake kilichokwama.

Mtaniuliza kijana yuko wapi. Alirudi shuleni. Alikuwa amechelewa mtihani mmoja, akaufanya baadaye kwa ruhusa. Siwezi kuwaambia kwamba amekuwa wa kwanza darasani, kwa kuwa hajawa. Fizikia amepanda kutoka 19 mpaka 46, kisha 58, kisha akashuka 51. Kemia bado inamshinda. Siku za likizo yuko kwenye karasha, nami nimeacha kumkataza, maana anapata ada yake na ya mdogo wake, na dada yangu amechoka kuuza dagaa mvua ikinyesha. Mwenye karasha amekwisha kumwambia kwamba akiacha shule atamlipa mara mbili. Kijana hajajibu ndiyo, wala hajajibu hapana. Mtihani wake wa Kidato cha Nne ni Novemba mwaka huu. Kati ya sasa na Novemba, kuna miezi ambayo kila Ijumaa anachagua apande basi la kwenda wapi.

Gari hili ni lake. Ameniazima mpaka saa kumi jioni, na ameniandikia kwenye karatasi mambo ambayo nisiyafanye.

Baada ya chakula cha mchana, kabla ya kura, tutalipeleka kwenye yale mawe ya nyuma ya bweni la tatu. Nimeweka vijiti vyekundu kuonyesha njia. Kuna mahali pamoja penye mgongo mkali ambapo gari lile refu la waya litapitishwa kwanza, ili mwone linavyolala tumbo, kisha hili fupi. Kidato cha Pili wataanza kushika rimoti, kwa zamu, kisha Kidato cha Tatu, na wazee wenzangu mwisho. Atakayelipindua ataliinua mwenyewe. Betri hudumu kama dakika hamsini, na nilikuja na moja tu, kwa hiyo atakayekawia kwenye pilau asinilaumu.